Vidonge vya Jioni

Vitengeni
20 Mei 2024

Ngowa,

Sikusalimu. Salamu ni ya walioachana kwa heri, na wewe mara ya mwisho kukutana nasi ulikuwa na panga.

Usinipigie simu tena kutoka huko rumande. Namba ile nimeifunga. Nikiisikia sauti yako nasikia na ile nyingine, ya panga likigonga mfupa wa mama yangu, na siku hiyo sishoni nguo ya mtu. Ukitaka kunijibu, andika.

Nikupe habari za kazi yako, maana hukukaa kuitazama. Mkono wa kulia wa mama haupo. Wewe uliukata ukaning'inia, daktari akamalizia juu ya kifundo. Sikio la kushoto limebaki nusu. Huyo ni shangazi yako Kadzo, aliyezaliwa tumbo moja na baba yako, aliyekubeba mgongoni mama yako alipolazwa. Sasa anajifunga kanga kwa mkono mmoja na meno, nami nageuka ukutani ili asione ninavyolia.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya mkono. Nakuandikia kwa ajili ya mwanao.

Siku ile ya matanga ya mkeo Mapenzi, polisi walipokuchukua, kila mtu alijua njia ya kwao. Linet akabaki amesimama uwanjani peke yake. Mama alipotoka hospitali, kitu cha kwanza alichouliza ni mtoto yuko wapi. Kwa hiyo Linet yuko hapa, analala kitanda kimoja na mwanamke uliyetaka kumuua, na anamwita hawe kama wajukuu wengine wanavyowaita bibi zao. Umesikia?

Na ameanza kukohoa. Wamempima, ni kifua kikuu, kile kile cha mama yake. Tangu tarehe sita anameza dawa, mara moja kwa siku, asubuhi, mbele ya macho yangu. Mama hajampa hata tone moja la mafuta yake ya kivumbasi. Ameapa kwamba mpaka afe hatampa mtu tena.

Tabibu anataka kujua jambo moja. Mapenzi alikufa kwa ini. Kama ini lake liliharibika kwa kipimo kile kile cha kawaida, huenda mtoto amelirithi ini hilo, na itabidi abadilishiwe dawa mapema. Kama liliharibika kwa sababu nyingine, aendelee. Wewe ndiye uliyekuwa msimamizi wake wa dawa. Kadi ninayo hapa, alama moja kila siku kwa kalamu yako.

Swali langu ni hilo tu. Kadi hii inasema kweli?

Kahaso


Rumande, Malindi
27 Mei 2024

Dada Kahaso,

Barua yako imenifikia ikiwa imeshafunguliwa na kusomwa, kama barua zote hapa. Matusi nimeyapokea. Radhi siombi, kwa sababu si mimi niliyeanza kuua.

Nikukumbushe, maana wewe na mama yako mnasahau mnayotaka. Mapenzi alianza dawa Desemba. Mama yako akaja na kichupa chake cha mafuta ya kivumbasi, matone mawili kwenye kijiko cha asali kila siku, eti yanalinda ini lisiunguzwe na dawa, eti kuna msichana wa chuo huko Malindi ameyajaribu kwa panya. Wiki sita mke wangu akayanywa nami nimenyamaza, kwa kuwa ni shangazi. Hadi siku Kambi alipokuja kumwona dada yake, akaniuliza: tangu lini mtu akakupa dawa asitake hata kuku? Mganga wa haki hutaka chake kwanza. Anayetoa bure anataka kitu ambacho hajakitaja.

Hapo nikazinduka. Nikakichukua kile kichupa nikakimwaga jalalani, mbele ya mama yako mwenyewe. Alinitazama, hakusema neno, akaondoka. Siku ya tisa macho ya Mapenzi yakawa manjano kama bizari. Siku ya kumi na tisa nikamzika. Sasa niambie wewe uliyesoma: mtu aliyerudishiwa kitu chake akaondoka kimya, alikwenda kufanya nini? Mchawi ukimkataa hulipiza kisasi. Hilo hata mtoto wa Ganze analijua.

Nilishika panga kwa sababu nilimpenda mke wangu. Pigo la kwanza lilikwenda upande, likachukua sikio. Alipoinua mkono ajikinge ndipo nikaupata mkono. Nilichokuwa nakitafuta ni shingo, Kahaso. Sifichi. Na Agosti nitasimama mbele ya hakimu niseme hivyo hivyo, na niseme sababu, na hakimu naye ana mke.

Kadi inasema kweli. Kila alama niliiweka mimi, na Mapenzi hakukosa dawa hata siku moja. Mwambie tabibu hivyo.

Linet asiambiwe lolote la siku ile. Yeye hakuona. Nilikuwa nimempeleka nyuma ya nyumba.

Ngowa


Rumande, Malindi
27 Mei 2024

Shemeji Kambi,

Hii haipiti kwa askari. Nimempa mke wa Fondo, mwenzangu wa humu ndani, anapanda Ganze kesho, na atakufikia hapo unapochoma makaa, ambako simu haishiki.

Linet yuko kwa yule bibi. Analala naye kitanda kimoja, Kahaso ameniandikia kwa mkono wake bila haya. Mchukue mtoto wa dada yako. Kwa wema au kwa nguvu, mimi baba yake nimekuruhusu. Subiri tu siku wakitoka kliniki, wawe wameshapewa vidonge vya mwezi, umchukue navyo.

Naye ana ugonjwa wa mama yake, Kambi. Kwa hiyo nikwambie siri ambayo hata tabibu sikumwambia. Kliniki watasema mara moja kwa siku. Usiwasikize. Unayakumbuka mahindi ya msaada mwaka ule wa njaa? Gunia lilianza safari likiwa zima, likatufikia limekuwa nusu, na bado tukaambiwa tupige makofi. Ni kitu gani cha serikali kilishawahi kufika kwetu kizima? Nikaona na dawa ni vivyo hivyo. Kipimo chetu kinakatwa njiani. Na dawa gani ya hospitali hunywewa mara moja? Zote ni asubuhi na jioni.

Mapenzi nilimpa asubuhi na jioni. Kwenye kadi nikaweka alama moja, tusigombane na mtu. Vilipokwisha kabla ya wakati nilikwenda kliniki nyingine, kule Ngomeni nilikokuwa nikifanya kazi ya chumvi, nikasema vyetu vimelowa. Wakanipa. Angepona upesi yule, kama si mkono wa mtu.

Linet mpe hivyo hivyo. Vya jioni humkera mtu kidogo, usimwonee huruma. Huruma ndiyo inayoua wagonjwa.

Ni mimi mlamu wako,
Ngowa


Malindi
5 Juni 2024

Dada yangu Kahaso,

Assalaam alaykum. Mfikishie mama shikamoo yangu, ingawa sijui kama bado ana haja nayo.

Umeniuliza kama mafuta yake yalimuua Mapenzi, na umeniomba nisikufiche. Sitakuficha.

Nilikuwa na panya wa makundi matatu. Kundi la kwanza niliwapa dawa za kifua kikuu peke yake, kwa kipimo kikubwa cha makusudi. Nilipowapasua, maini yao yalikuwa yamevimba, na nilipoyagusa yaliachana kidoleni. Kundi la pili walipata dawa hizo hizo pamoja na mafuta ya kivumbasi aliyoyakamua mama. Maini yao yalikaribiana na ya panya mzima. Kundi la tatu lilitokea kwa bahati mbaya: mafuta yaliniishia katikati, nikaendelea na dawa tupu. Hao hawakungoja niwapasue. Walikufa upesi kuliko wote.

Lakini panya si mtu, dada, na kipimo kile si cha mgonjwa. Kwa kipimo cha kliniki watu wengi humaliza dawa zao salama. Mwanamke mzima aliyemeza mara moja kwa siku, akafa kwa ini ndani ya miezi miwili, ni jambo linalotokea lakini ni nadra. Kwa hiyo yote yanategemea Mapenzi alimeza nini. Kama alimeza sawasawa, basi huenda mafuta yalimdhuru, nami nitakuja mahakamani niseme hivyo, mama anisamehe. Kama alimeza kupita kiasi, basi huenda mafuta ndiyo yaliyomshikilia zile wiki sita, na siku yalipomwagwa akaachwa mikono mitupu. Anayejua ni mumewe peke yake.

Kuna jambo lingine, na hili ni langu. Ni mimi niliyemwambia mama. Nilikuja kuchukua mafuta mwezi wa Novemba nimejaa furaha ya majibu yangu, nikamkumbatia pale pale kwenye moshi wa pipa lake la kuchemshia mafuta, nikamwambia, "Mama Kadzo, mafuta yako yanalinda ini!" Alicheka mpaka akafuta machozi. Haya mengine, kwamba panya si mtu, niliyaweka kwenye ripoti nikampelekea mwalimu wangu. Mama sikumwambia. Mtu mwema ukimwambia ana dawa mkononi, atakaa nayo?

Kila nikiosha mikono nauona wa kwake.

Ilham


Vitengeni
12 Juni 2024

Ngowa,

Kambi amemchukua Linet.

Alikuja Jumamosi na wanaume wawili, siku mbili tu baada ya kliniki. Linet alikimbilia kwa mama akakishika kile kigutu cha mkono kwa mikono yake yote miwili, bado hakijapona vizuri, mama akapiga yowe lakini hakumwondoa. Kambi akampiga mama teke la tumbo. Mimi nilimrukia, nikamng'ata shavu hadi nikahisi damu yake mdomoni, na yeye akanipiga ngumi iliyoning'oa meno mawili. Wakambeba mtoto kichwa chini. Wamekwenda na pakiti ya vidonge vya mwezi mzima. Nimekwenda polisi, wameniambia mjomba ni mtu wa karibu kuliko mimi, na barua ya baba ipo.

Barua ya baba. Kwa hiyo ni wewe.

Nakunakilia nyuma ya karatasi hii maneno yote ya Ilham, yule msichana wa chuo. Yasome. Hata yale yanayomuumiza mama nimeyaandika, sikuacha herufi. Halafu nijibu tena lile swali langu. Linet amekaa kwa Kambi siku nne sasa. Ana miaka tisa, Ngowa, na kilo ishirini na moja. Nilimpima mwenyewe.

Kahaso


Msituni, Ganze
23 Juni 2024

Shemeji,

Nampa mke wa Fondo karatasi hii, anakuja kumwona mumewe.

Mtoto ninaye. Vidonge nampa asubuhi na jioni kama ulivyosema, hajakosa hata kimoja. Vya jioni anatapika, nampa vingine. Vya mwezi mzima vimekwisha jana, siku kumi na nne tu.

Leo nimemtoa nje juani nikamtazama. Macho ni manjano. Mkojo kama chai ya rangi. Hali chakula.

Hajanusa mafuta, shemeji. Hajala kitu cha kwao. Basi yule bibi anafika hata huku. Amebakiza mkono mmoja na bado anafika. Wewe ulimkata mkono, kosa lako ni hapo. Nyoka hakatwi mkia.

Ijumaa nashuka Vitengeni na petroli. Nitakwenda na mtoto, yule bibi aione kazi yake kwanza. Ikifika jioni yake, hesabu amekwisha.

Kambi


Rumande, Malindi
25 Juni 2024

Dada Kahaso,

Isome hii kwa sauti. Kama Kambi yuko hapo uwanjani, isome akusikie. Bwana Hesbon, askari wa zamu, nimempigia magoti, amekubali kuipiga picha aitume kwa Mangi mwenye duka, kwa kuwa wewe umenifungia. Chifu naye amepigiwa. Amesema atatuma mtu. Mimi namjua mtu wa chifu.

Kambi, simama hapo hapo. Weka hilo dumu chini. Shangazi hakumfanya Linet lolote. Ni wewe unayemuua, kwa maagizo yangu. Ni vidonge. Asubuhi na jioni, ndivyo vinavyommaliza. Asimezeshwe hata kimoja tena. Mbebe umpeleke hospitali sasa hivi, umwambie daktari amepewa mara mbili kwa siku kumi na nne. Usione haya, sema mara mbili.

Kahaso, kadi ile ni ya uongo. Mapenzi nilimpa mara mbili kwa miezi miwili. Nilidhani tumepunjwa, kama tunavyopunjwa kila kitu. Nilimhesabia kwa mkono wangu, nikamwekea maji. Macho yalipogeuka sikujiuliza hata dakika moja. Nilitafuta mtu wa kumkata.

Barua ya Ilham nilikuwa nayo siku kumi sasa. Niliisoma nikaichana, nikasema wasomi hulindana. Usiku huo nilianza kuhesabu: wiki sita na mafuta, siku tisa bila mafuta. Nikajizuia nisimalize hesabu. Ningekujibu siku ile, Linet angekuwa amemeza vya siku chache tu. Sikukujibu kwa sababu bila mafuta sina la kumwambia hakimu. Bila mafuta mimi ni mtu aliyemuua mkewe, kisha akaenda kumkata mkono aliyekuwa akimponya.

Jana mke wa Fondo akaniletea ya Kambi. "Hajanusa mafuta." Nilipiga kichwa changu ukutani hadi wenzangu wakanifunga kwa shuka. Nina nyuzi saba kwenye paji la uso, na sisikii maumivu yoyote, na hilo ndilo linalonitisha.

Kambi, ukimgusa shangazi utakuwa kama mimi. Sina laana kubwa kuliko hiyo.

Fanyeni haraka.

Ngowa


Vitengeni
2 Julai 2024

Ngowa,

Mangi alikuwa amekwenda Kilifi kuleta mali ya duka, na simu yake ilikuwa imeisha chaji. Aliirudishia moto Ijumaa saa tano asubuhi, akaiona barua yako, akaja mbio na kandambili moja.

Kambi alikuwa ameshafika. Linet alikuwa mgongoni mwake amefungwa kwa kanga, kichwa kimelala upande. Wale wawili walikuwa wameshakichoma kibanda cha mama, pipa na chupa zote ndani. Mafuta yalishika moto kwa mlipuko, bati moja likaruka likaangukia paa la jirani, na kijiji kizima kikanukia kivumbasi. Sitakipanda tena mimi hicho. Mama walimburuta nywele wakamtoa nje, wakammiminia petroli kuanzia utosini. Mimi nilikuwa nimeshikwa shingo chini ya goti la mtu. Kambi alimgeuzia mama mgongo ili aone macho ya mtoto, akamwambia, "Tazama, halafu ufe." Na mama, petroli ikimwingia machoni, aliunyoosha mkono wake mmoja akamshika Linet paji la uso apime homa.

Kiberiti kilikuwa kimeshatolewa. Njiti ya kwanza ililowa ikakatika. Kati ya ile njiti na ya pili ndipo Mangi akaingia akipiga kelele, "Ni ya Ngowa! Ni ya Ngowa!" Wakaniachia, kwa kuwa waliposikia jina lako walidhani umewatumia baraka.

Niliisoma kwa meno niliyobakiza. Nilipofika kwenye "mara mbili", Kambi akaninyang'anya simu akasoma mwenyewe, midomo ikimchezacheza. Akasoma tena. Akaniuliza, "Yaani ni mimi?"

Nikamwambia, "Wewe na yeye."

Akamfungua mtoto akamlaza kivulini. Akachukua lile dumu, akajimiminia yaliyobaki, akaja akapiga magoti mbele ya mama akamtia kile kiberiti mkononi.  Mama alikitazama muda. Nilimwona, Ngowa, na nitakwambia kweli kwa kuwa leo wote tunaisema: alitaka. Kidole gumba kilikuwa kimeshakisukuma kisanduku. Kisha akakitupa mbali akamwambia, "Inuka, mjinga wewe. Mtoto kwanza."

Kambi alikimbia naye mgongoni mpaka barabarani, yeye na mama wakinuka petroli, hakuna pikipiki iliyotaka kuwapakia mpaka nilipolala katikati ya njia.

Linet yuko hai. Dawa zote zimesimamishwa. Daktari amesema siku nne zaidi tungekuwa tunachimba. Kambi alitoka hospitali akaenda polisi kwa miguu yake.

Barua yako iliwahi. Lakini ningeipata tarehe kumi na tano ingewahi zaidi, na hilo sitakusamehe. Usiniandikie tena.

Kahaso


Vitengeni
30 Agosti 2024

Ngowa mwanangu,

Ni mimi shangazi yako Kadzo. Kahaso amekataa kukuandikia na mimi simlazimishi. Anayeandika ni Linet. Nimemweleza yote kabla hajashika kalamu, kwa sababu katika ukoo huu watu wameumizwa vya kutosha na mambo waliyofichwa kwa wema.

Nimesikia ulivyosema mahakamani. Umeisema kweli yote mbele ya watu na wakakupa miaka kumi na miwili. Sikupiga vigelegele. Kahaso alipiga.

Sasa na mimi nina yangu. Siku uliyoyamwaga mafuta uliniona nikiondoka kimya. Nilirudi kesho yake, wewe hukuwepo, nikaenda jalalani kukitafuta kichupa changu. Nikakuta maganda ya vidonge. Nilikaa chini nikayahesabu. Wiki sita, maganda ya wiki kumi na mbili. Nikajua. Nikasema, nikitoa sauti, ndugu zake Mapenzi watamkatakata Ngowa kabla jua halijatua, na mtoto abaki na nani? Nikasema nitakuita pembeni nikueleze. Nikangoja upoe hasira. Siku zikapita, Mapenzi akageuka rangi, na nilipokuja kukueleza siku ya matanga, ulikuwa umeshalinoa panga. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema "vidonge" pale uliponipiga sikio.

Na baadaye nikanyamaza tena. Kahaso aliponisomea swali la tabibu nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nikaona mtoto anapewa mara moja, yuko salama, ya nini kumwambia baba yake alifanya nini? Sikujua umeshamwandikia Kambi. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Mimi nilinyamaza ili Linet abaki na baba, na kunyamaza kwangu kukamfikisha mlangoni kwa kifo.

Macho yake yamekuwa meupe. Wamemrudishia dawa moja moja, hospitalini, damu ikipimwa kila wiki. Aliniuliza kwa nini simpi mafuta. Nimemwambia tumngoje Ilham amalize kazi yake, na safari hii atuambie yote. Nikamwambia pia, kama yalimsaidia mama yako, mjukuu wangu, au hayakumsaidia, hatutajua. Aliyekuwa akijua ni ini lake, nalo tumelizika.

Watu husema mkono mmoja haulei mwana. Namlea wako kwa huo huo. Siku nyingine nakuonea huruma, siku nyingine natamani ungekuwa karibu nikuume. Leo ni zile za huruma, ndiyo maana nimeandikisha leo.

Shangazi yako,
Kadzo

Baba, hapa ni mimi mwenyewe. Hawe amemaliza, amekwenda kutazama maharagwe.

Shangazi Kahaso ana barua yako uliyosema mimi sikuona. Niliona. Ulinituma maji ya kuoshea panga, nikakuletea kwa kopo la mama.

Na ya mama niliona. Alisema vya jioni vinamuunguza. Aliniomba nivifukie nyuma ya choo. Nilivifukia siku mbili, halafu nikaogopa nikakwambia. Ukamshika taya ukampanua kinywa. Mimi ndiye niliyeshika kikombe. Umeandika mengi lakini hilo hukuliandika.

Vidonge vyangu najimezea mwenyewe sasa, asubuhi. Jioni nikiitwa kula natazama kwanza mikono ya anayeniita. Kwa hawe sichelewi. Ana mmoja tu.

Linet